Niliweka dole gumba hospitalini: je, madai yangu kwa kampuni ya basi yamekufa?

SWALI: Wakili, salaam. Mimi ni mfanyabiashara wa vitenge hapa Arua. Wiki tatu zilizopita nilipanda basi la usiku kutoka Kampala. Tulipopita daraja la Kafu, kabla ya kufika Kigumba, basi liliingia nyuma ya lori bovu lililoachwa barabarani bila taa. Nilivunjika mkono wa kushoto na mfupa wa bega, kichwa kikapiga chuma cha kiti cha mbele. Siku ya pili alikuja hospitalini mtu wa kampuni ya basi, akanipa laki tatu, akasema niweke dole gumba kwenye karatasi kuonyesha nimepokea. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza na mimi Kiingereza sisomi. Sasa mkono bado una ganzi, mtaji umekatika, mzigo wangu sijauona, na nikiwapigia wananiambia mambo yalishaisha, nilisaini. Mume wangu anasema tuache. Jirani anasema tumpe dalali mmoja hapa mjini anayejua mambo ya bima. Nifanye nini?

JIBU: Pole sana, dada. Nianze na linalokunyima usingizi: madai yako hayajafa. Karatasi uliyoiwekea dole kitandani, siku moja tu baada ya ajali, kwa lugha usiyoisoma, ni dhaifu kuliko anavyokuambia huyo wa kwenye simu. Nitaifikia. Lakini kuna jambo umelipitia haraka kana kwamba ni dogo, nalo linanitisha kuliko karatasi: mkono bado una ganzi.

Mimi si daktari. Ila nimekaa na majeruhi wengi wa barabarani, najua mkono uliovunjika huuma, huvimba, huwasha ndani ya plasta. Ganzi ya wiki tatu ni habari nyingine. Huenda mshipa wa fahamu umebanwa, huenda plasta yenyewe imekaza. Kesho asubuhi nenda Hospitali ya Rufaa ya Arua, uliza daktari wa mifupa, useme neno hilo hilo, ganzi, na uonyeshe ni vidole vipi. Kama vidole vimekuwa baridi au vimebadilika rangi, au maumivu yanapanda ukivinyoosha, usingoje hata hiyo kesho. Na kile kichwa kilichopiga chuma usikisahau. Damu inaweza kuvuja polepole chini ya fuvu, ikajionyesha wiki kadhaa baadaye wakati kila mtu ameshaambiwa mgonjwa amepona. Kichwa kinachouma leo kuliko jana, kutapika, usingizi usio wa kawaida, ulimi mzito, mguu mmoja kuburuta: ukiona hata kimoja, twende hospitali saa ile ile.

Na tafadhali, mkono huo usiupeleke kwa mkandaji. Najua watakushauri, najua yuko mzee fulani aliyemponya mtoto wa fulani. Mfupa uliokandwa kabla haujashika unaweza kusogea, na vijiti vilivyofungwa kwa nguvu vimewahi kukatisha watu mikono. Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ni ya kwangu mimi mwanasheria: siku tutakapodai fidia ya mkono usiokunjika vizuri, wakili wa kampuni atasimama aseme ulemavu haukuletwa na basi, umeletwa na mkandaji. Nimewahi kukaa mahakamani nikisikiliza hoja hiyo, na sikuwa na jibu zuri.

Hospitalini chukua na lile daftari lako. Unalijua: daftari la shule ambalo tunanunua wenyewe nje ya geti, daktari akaandika humo kila kitu kwa mwandiko wa kukimbia. Watu wengi hulitupa wakipona, au mtoto akachana kurasa za nyuma afanyie hesabu. Kwa kesi yako daftari hilo lina thamani kuliko karatasi yoyote nitakayoandika mimi. Angalia ukurasa wa siku uliyopokelewa. Jina ni lako? Tarehe ipo? Kuna mahali pameandikwa herufi RTA? Hizo ndizo madaktari hutumia kumaanisha ajali ya barabarani. Kama aliyekupokea usiku ule aliandika tu kwamba ulianguka, mwombe daktari wa sasa aandike kwa usahihi chanzo cha maumivu, kisha agonge mhuri. Piga picha kila ukurasa kwa simu, umtumie mtoto wako au ndugu unayemwamini, ili daftari likipotea picha zibaki.

Jina nimelitaja kwa makusudi. Mnakumbuka ajali ya Oktoba 2025 kule Kiryandongo, kwenye barabara hiyo hiyo ya kwenda Gulu, mabasi mawili yalipogongana usiku. Polisi walitangaza kwanza watu 63 wamekufa, kisha wakarekebisha hadi 46, kwa sababu baadhi ya waliokuwa wamezimia pale chini walihesabiwa pamoja na maiti. Usiku wa ajali kubwa, orodha huandikwa kwa tochi. Waliozimia hawasemi majina yao, na wanaosema husikiwa vibaya. Kwenye tiketi unaweza kuwa Zainabu, hospitalini Zaina, kwenye kitambulisho cha taifa Zaynab na jina la ukoo mbele. Kwetu sisi ni mtu mmoja. Kwa kampuni ya bima ni watu watatu, na wa kulipwa hayupo. Likitokea hilo, dawa yake ni kiapo cha maandishi mbele ya kamishna wa viapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Ni bei ndogo ukifanya mapema, na balaa ukigundua siku ya kesi.

Sasa karatasi yenyewe.

Uganda tuna sheria ya zamani ya kuwalinda wasiojua kusoma. Watu hudhani inamhusu bibi kizee ambaye hakuwahi kukaa darasani. Lakini tafsiri iliyomo ndani ya sheria ni pana kuliko hivyo: kwa habari ya hati fulani, asiyejua kusoma ni yule asiyeweza kusoma na kuelewa maandishi au lugha ambayo hati hiyo imeandikwa. Rudia hapo penye "lugha". Wewe waweza kuwa unasoma Kiswahili kama maji, unasoma Kurani, unapiga hesabu za vitenge kichwani kunishinda mimi. Mbele ya karatasi ya Kiingereza, kwa macho ya sheria hiyo, wewe ni wa kulindwa. Na anayekuandikia hati ya namna hiyo ana wajibu: aandike humo jina lake na anwani yake kama mwandishi, kuonyesha kwamba ameandika kwa maagizo yako na kwamba kilichoandikwa ndicho ulichokusudia. Mahakama zetu zimekuwa kali kwa hati zisizo na maelezo hayo.

Baraza la mawaziri lilikubali Julai 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi, tukapiga makofi. Karatasi za kampuni bado hazijasikia.

Kwa hiyo leo, kabla kumbukumbu haijapoa, kaa na mtu anayeandika vizuri muandike yaliyotokea siku ile, kwa Kiswahili, kwa maneno yako. Saa ngapi alikuja. Alikuwa peke yake? Alijitambulisha kwa jina gani? Alisema nini kabla ya kutoa wino? Alikusomea karatasi au alikuonyesha tu mahali pa kuweka dole? Ulikuwa umechomwa sindano ya maumivu muda gani kabla? Nani alikuwa kitanda cha pili, nesi gani alipita? Alikuachia nakala? Nina hakika hakukuachia; hawaachi. Malizia kwa tarehe na sahihi. Mahakama inaweza kuikataa hati uliyoshawishiwa kuisaini ukiwa katika hali ya kutojimudu, bila kuelewa, kwa kiasi kisicholingana na madhara, lakini itataka kujua hali hiyo ilikuwaje, na baada ya miaka miwili utakuwa umesahau hata rangi ya shati lake.

Laki tatu je? Usimpelekee mtu yeyote mkononi eti unarudisha. Ulizipokea, umetumia, semeni hivyo waziwazi. Zitahesabiwa kama sehemu ya malipo na kukatwa kwenye fidia. Anayeficha pesa aliyopokea ndiye huonekana mwongo kwa mambo mengine yote.

Na acha kuwapigia simu. Kila ukipiga unalia, wao wanajibu wanavyotaka, na hakuna kinachobaki. Kuanzia sasa ni maandishi. Kama walishakutumia ujumbe wa simu wowote, usiufute, hata wa matusi. Hasa wa matusi.

Hatua inayofuata ni polisi, na hapa watu wa Arua hupotea njia kwa sababu wanakwenda kituo cha Arua. Faili lako haliko huko. Liko kwenye kituo cha eneo ilipotokea ajali, yaani upande wa Kigumba au Kiryandongo, kwa OC trafiki, mkuu wa polisi wa barabarani wa kituo. Unachotafuta kwanza ni namba ya faili katika rejista ya ajali za barabarani. Wao huiita namba ya TAR. Ukiwa nayo, faili linafunguka. Bila hiyo utaambiwa rudi wiki ijayo mpaka nauli ikuishie. Kama huwezi kusafiri na mkono huo, mtume ndugu mwenye barua yako na nakala ya kitambulisho, aipate namba tu. Mengine yafuate.

Kwenye faili kunatakiwa kuwemo maelezo ya madereva, mchoro wa eneo la ajali wenye vipimo, ripoti ya mkaguzi wa magari, na nakala za bima za magari yote mawili. Jina lako liwemo katika orodha ya majeruhi. Kama halimo, ndiyo maana nasema uende: utaandikisha maelezo yako, na utaomba fomu ya polisi namba 3, PF3, ambayo daktari huijaza kueleza majeraha. Fomu hiyo haiuzwi. Panapokuwa na ada halali ya serikali, kwa mfano ya kupata nakala ya ripoti, hulipwa benki au kwa simu kwa namba maalumu ya malipo, na unapata risiti. Haiwekwi chini ya kitabu mezani.

Polisi wa Uganda Kiswahili wanakijua. Ndiyo lugha ya kambi zao toka zamani. Utaeleza kwa Kiswahili, yeye ataandika kwa Kiingereza. Hakuna ubaya, mradi kabla ya sahihi akusomee tena kwa Kiswahili alichoandika, na aandike mwishoni kwamba amekusomea. Ukisikia amekosea, mwambie asahihishe. Usione haya. Niliwahi kuwa na mteja aliyesema "nilikuwa nimesinzia", ikaandikwa alikuwa amelewa, kwa sababu tu afisa alikuwa na haraka. Neno moja hilo lilitusumbua mwaka mzima.

Nataka faili hilo kwa sababu ya lori. Katika masimulizi ya ajali za namna hii, basi hubaki, lori hutoweka. Linavutwa usiku ule ule, dereva hayupo, na ripoti inaishia kusema basi liligonga gari lililosimama. Kumbe lori lililoachwa gizani bila taa wala pembetatu ya kuakisi lina hatia yake. Sote tunajua desturi ya barabara zetu: gari likiharibika, tanboi anakata matawi ya miti anayapanga barabarani nyuma na mbele. Je, yalikuwepo? Mlipotolewa kwenye basi, kuna aliyeona matawi yamelala lami? Yalikuwa mbali kiasi gani na lori, hatua tano au hamsini? Mtu akikaa dirishani upande wa dereva anaweza kuwa aliona. Hayo ndiyo maswali ya kuwauliza abiria wenzako. Nina uhakika wapo waliobadilishana namba hospitalini, pengine hata kuna kundi la WhatsApp la waathirika wa basi lile. Ingia humo. Omba picha za usiku ule na video, na mwambie aliyezipiga asizifute kwenye simu yake, maana kule ndiko tarehe na saa zinaonekana.

Dereva wa basi naye hasalimiki kwa sababu lori halikuwa na taa. Anayeendesha usiku anatakiwa aende mwendo unaomwezesha kusimama ndani ya umbali anaouona. Wewe abiria uliyekaa kitini hukuhusika na kosa la yeyote kati yao, kwa hiyo unaweza kuwadai wote wawili, na wao wagawane lawama huko mbele. Wanaweza kukuuliza mkanda wa kiti. Kama mkanda ulikuwepo na hukuufunga, sema kweli. Unaweza kupunguziwa, hufukuzwi. Kama kiti hakikuwa na mkanda, au ulikuwa umekatwa na kufungwa fundo chini ya kiti kama ninavyouona mara nyingi, hilo ni kosa lao jingine.

Mwenye kulipa ni nani? Si dereva. Dereva anaweza kushtakiwa mahakama ya trafiki kwa uendeshaji mbaya, akapigwa faini au kufungwa, na watu wakarudi nyumbani wakidhani kesi imekwisha. Hiyo ni kesi ya serikali na dereva. Wewe bado hujadai. Hukumu yake itatusaidia kama ushahidi, basi. Madai yako ni kwa mwenye gari, kwa sababu mwajiri hubeba kosa la mfanyakazi wake akiwa kazini. Na mwenye gari si lazima awe yule ambaye jina lake limechorwa ubavuni kwa rangi kubwa. Mabasi mengi yanamilikiwa na watu binafsi wanaoyakodisha kwa kampuni, mengine yana jina la benki kwenye kadi ya usajili wa gari. Kabla ya barua, wakili atatafuta katika daftari la serikali la usajili wa magari kwa namba ya gari. Kushtaki jina la rangini na kumwacha mwenye kadi ni kosa nililoliona hata kwa mawakili wenzangu.

Halafu bima. Kila gari linalotembea barabarani linatakiwa liwe na bima ya mtu wa tatu, ile ambayo stika yake hubandikwa kioo cha mbele. Wewe abiria uliyelipa nauli ni miongoni mwa hao watu wa tatu. Hapa nitakukatisha tamaa kidogo, dada, kusudi asikuzungushe mtu: sheria hiyo ya 1989 iliweka kikomo cha shilingi milioni moja kwa mtu aliyeumia au kufa. Milioni moja, kiasi kilichopangwa wakati wengi wa madereva wa leo hawajazaliwa. Chukua, ni haki yako, na uandikie bima za magari yote mawili, la basi na la lori. Lakini sikiliza vizuri mahali wanapowadanganya watu. Kikomo hicho ni cha bima hiyo ya lazima. Si kikomo cha deni la mwenye gari. Mahakama ikiona mkono wako na biashara yako vinastahili milioni ishirini, zinazobaki anazidaiwa mwenye gari. Kwa hiyo ukipokea hela ya bima, soma, au usomewe, karatasi ya kupokelea: iseme umepokea kutoka kwa bima chini ya sheria ile, isiseme umemaliza madai yote kwa watu wote. Hapo ndipo karatasi ya pili kama ya kwanza hujificha. Bima wakikaa kimya au wakikuzungusha, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, iliyoko Kampala, ina dawati la malalamiko, na kulalamika hapo hakuhitaji wakili.

Kwa wasomaji wengine mnaopanda mabasi ya kuvuka mpaka, ya Nairobi, Kigali au Dar es Salaam: basi la kigeni likikuumiza ndani ya Uganda, uliza kadi ya njano ya COMESA, ile jumuiya ya soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika. Ni bima inayovuka mipaka, na Tanzania imo ingawa si mwanachama wa COMESA. Kampuni ya bima ya hapa nchini hushughulikia dai kwa niaba ya ile iliyotoa kadi. Namba ya kadi iandikwe kwenye faili la polisi kabla basi halijaachiwa kurudi kwao, la sivyo mtalitafuta Mombasa.

Turudi Arua, tuhesabu. Fidia ina mafungu mawili, na kila moja lina tabia yake. Fungu la kwanza ni hasara zenye namba: dawa, picha ya eksirei, nauli za kwenda kliniki, mzigo uliopotea, siku ulizofunga kibanda. Hizi mahakama haikisii. Kila shilingi inatajwa na kuthibitishwa, na usiyoithibitisha hupewi hata kama hakimu anaona kwa macho yake kwamba uliitumia. Fungu la pili ni maumivu, ulemavu, maisha yaliyobadilika. Hilo hakimu hulipima mwenyewe akilinganisha na kesi zilizotangulia na kiwango cha ulemavu ambacho daktari ameandika. Ndiyo maana sitaki daktari aandike ripoti ya mwisho sasa hivi. Mkono ungali unapona. Asilimia itakayoandikwa leo inaweza kuwa ndogo au kubwa kuliko itakavyokuwa mfupa ukishashika na mazoezi yakiisha.

Kwa fungu la kwanza nunua daftari jingine. La hesabu. Boda wa kwenda hospitali hatoi risiti, kwa hiyo mlipe kwa simu ikiwezekana, meseji ibaki. Ikishindikana andika tarehe, safari, kiasi, jina la boda na namba yake. Dawa za dukani dai risiti yenye mhuri. Msichana unayemlipa akuogeshe na akupikie kwa sababu mkono mmoja haufui wala haukandi unga, naye ni gharama: andikishaneni, asaini kila mwezi. Wanawake wengi huona aibu kulidai hilo kwa kuwa ni kazi za nyumbani. Dai.

Vitenge: tafuta karatasi ya ulikonunulia Kampala. Kama ulinunua kwa mdomo, mwenye duka akuandikie idadi, aina na bei, agonge mhuri. Stendi ulipolipia mzigo ulipewa kikaratasi au alama ya namba. Kitafute hata kama kimelowa. Kama ulimlipa mwenye duka kwa simu, nenda ofisi ya mtandao wako wa simu uombe taarifa ya miamala ya miezi sita kabla ya ajali na miezi baada yake. Karatasi hiyo itafanya kazi mbili: itaonyesha mzigo ulilipiwa, na itaonyesha biashara ilikuwa inazungusha kiasi gani mpaka ile tarehe, halafu kimya. Sijaona shahidi wa kipato aliye bora kwa mfanyabiashara asiye na vitabu vya hesabu.

Mumeo anasema muache. Namwelewa. Kesi ni ndefu, na mkishindwa mnaweza kulipishwa gharama za upande wa pili. Mwambie lakini kwamba kesi nyingi haziishi kwa hukumu. Mahakama Kuu, kwa kanuni za 2013, hupeleka pande zote kwenye usuluhishi kabla ya kusikiliza, na mwenye basi anayeona mafaili yamepangwa, TAR ipo, daftari lipo, taarifa ya miamala ipo, hupenda kuzungumza. Aliyekuja na laki tatu alikuja siku ya pili kwa sababu alijua siku ya pili huna kitu mkononi.

Jirani na dalali wake, hapana. Kule Kampala huitwa kayungirizi, na kazi yake naijua: anachukua karatasi zako halisi, anakwenda kupatana na kampuni wewe ukiwa nyumbani, anakuletea kilichobaki. Ukikataa, karatasi anazo yeye. Karatasi halisi zisitoke mkononi mwako kwa mtu yeyote, hata mimi; wakili anahitaji kuziona na kubaki na nakala, akizishika halisi akuandikie orodha na kusaini. Wakili muulize leseni yake ya mwaka huu, na makubaliano ya malipo yawe maandishi kwa lugha unayoielewa. Kama hela ya wakili haipo, wapo wanaosaidia bure wasiojiweza: mradi wa msaada wa kisheria wa Uganda Law Society, Justice Centres Uganda, na kwa wanawake FIDA Uganda. Wakimbizi, hasa ndugu zetu wa Kongo walioko Rhino Camp na kwingineko, wawaone Refugee Law Project. Kuwa mkimbizi hakumpunguzii mtu haki ya kulipwa mkono wake.

Muda. Madai ya kuumizwa mwili kwa uzembe hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka mitatu tangu siku ya ajali. Kwa gari la serikali ni miaka miwili. Kampuni inayosema "tutakuita, subiri" inaijua hesabu hiyo, na mazungumzo hayasimamishi saa. Wewe uko wiki ya tatu, kwa hiyo una nafasi, ila nyayo za ushahidi zinafutika haraka kuliko miaka ya sheria.

Kesho hospitali. Wiki hii namba ya TAR. Halafu barua fupi kwa kampuni ya basi, isitukane wala isitishie: tarehe ya ajali, namba ya gari, namba ya tiketi, majeraha, mzigo; kwamba karatasi uliyoiwekea dole hukusomewa na hukubali kuwa imemaliza madai; na kwamba wakupe nakala yake. Toa nakala mbili. Ipeleke ofisi yao ya stendi hapo Arua ukiwa na mtu, moja waipokee, nyingine wagonge mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wakikataa mhuri, aliyekusindikiza aandike nyuma ya nakala yenu siku, saa, na jina la aliyekataa.

Karatasi ile ikipatikana, nitumie picha yake. Nataka kuona chini kabisa kama kuna jina la aliyeiandika.